Mama aliuza omena nisome, nami nikaenda kuvua samaki Marekani

"Umeenda wapi?" Mama aliniuliza mara mbili.

"Kuvua samaki, Mama."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia jirani yake pale sokoni, kwa Kidholuo, kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa omena amepanda ndege mpaka Marekani ili akavue samaki, na ziwa liko hapa nyuma ya nyumba. Wakacheka wote wawili. Mimi pia nikacheka, ingawa maneno yale yaliniingia, kwa sababu hakuwa amekosea.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliye ng'ambo, au unayesubiri viza, au uliye na dada huko ambaye kila ukimpigia yuko kazini. Nataka kukushawishi ufanye jambo ambalo najua litakuchekesha: wiki moja ya msimu wa joto, zima simu, beba mtumbwi mabegani, ingia kwenye maziwa ya mbali yasiyo na barabara, ukavue. Gharama nitakutajia, maana najua hapo ndipo maswali yako yanaanzia.

Eneo ninalozungumzia linaitwa Boundary Waters. Liko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Minnesota, mpakani na Kanada. Ni zaidi ya ekari milioni moja za misonobari, miamba na maji, na maziwa yake yanazidi 1,000. Mengine ni madogo kiasi kwamba ukimwita mtu ng'ambo anakusikia. Mengine yana mawimbi ya kukurudisha ufuoni. Barabara zinaishia pembeni. Ndani hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna stima, na sehemu kubwa hairuhusiwi injini. Unaingia kwa kupiga kafi. Ziwa likiisha, unautoa mtumbwi majini na kuubeba hadi ziwa linalofuata.

Sasa, kama una jamaa Marekani, huenda yuko Minnesota. Wakenya tumejaa kwenye vitongoji vya Minneapolis, na wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee: tunaosha, tunalisha, tunageuza, tunapima presha. Kutoka huko hadi mji mdogo wa Ely, mmojawapo wa milango ya maziwa hayo, ni kama masaa manne kwa gari. Nimeishi masaa manne kutoka hapo kwa miaka mitatu bila kujua. Kuna wenzangu wameishi miaka 15 na bado hawajui, na ukiwaambia wanakuuliza, "Huko kuna kazi gani?"

Hebu nikueleze kwa nini nilienda. Nilikuja kwa bahati nasibu ya Green Card, nikiwa na sanduku moja na orodha ndefu ya watu wanaonitegemea. Nilikuwa napiga dabo, yaani masaa 16 mfululizo, mara tatu kwa wiki, na masomo ya uuguzi juu yake. Asubuhi moja ya Februari niliamshwa na honi. Nilikuwa nimelala kwenye usukani, gari limesimama kwenye taa za barabarani, mguu ukiwa bado juu ya breki. Taa ilikuwa imegeuka kijani, sijui kwa mara ya ngapi. Niliendesha hadi nyumbani, nikalia ndani ya gari, nikapanda kulala masaa matatu, kisha nikarudi kazini.

Sikumwambia Mama. Huwa hatuwaambii. Tunatuma pesa na picha, na kwenye picha huwa tumevaa koti zuri.

Aliyeniambia ni yule mama Mmarekani wa miaka hamsini na kitu tunayefanya naye zamu ya usiku. Nilimsimulia yale ya usukani kama kichekesho. Hakucheka. Aliniambia Julai huenda maziwani na binti yake, kama alivyokuwa akienda na baba yake tangu akiwa na miaka saba, na kwamba mwaka huu kuna nafasi mbili. Nikamjibu kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu: sijui kuogelea.

Alishangaa, na ana haki. Nimezaliwa Mbita, dakika tano kutoka Ziwa Victoria. Nimechota maji pale, nimefua pale, nimeanika omena pale. Wavulana walijifunza kuogelea wenyewe kwa wenyewe. Sisi wasichana tuliambiwa tuchote tutoke. Na kuhusu kupanda mashua ya uvuvi, wazee walisema mwanamke akipanda samaki watakimbia. Siku hizi kuna kina mama wenye mashua zao, lakini enzi hizo mama yangu alisubiri ufuoni na beseni lake kama wengine, akipangiwa bei na mwenye mashua. Ziwa lilitulisha, nasi tulilijua kutoka nchi kavu tu.

Basi nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 24, kwenye kidimbwi chenye paa huku nje theluji imefika magotini. Darasani tulikuwa mimi na watoto wa miaka sita. Walinipita, na mmoja alinifariji. Lakini kufikia Juni nilikuwa naweza kuelea na kuvuka kidimbwi bila kunywa maji. Usiruke hatua hii, mtu wangu. Sheria ya jimbo hilo inataka kila aliye mtumbwini awe na jaketi la kuokoa maisha, nami nakuambia livae, usilikalie. Maji ya huko ni baridi hata jua likiwaka, na hakuna mashua ya kukufuata.

Tulienda wanne: mwenyeji wetu, binti yake, mimi, na rafiki yangu wa kutoka Nyamira ambaye alikubali kuja kwa sharti la kwamba hatagusa samaki aliye hai. Tuliingia Ely jioni, tukaenda kununua chambo. Chambo ni ruba. Ndiyo, ruba, wale wale waliokuwa wakitung'ang'ania miguuni tukichota maji, na tunawakwaruza kwa jiwe. Nililipa dola kununua ruba waliohesabiwa, wakiwa ndani ya kikopo. Hilo sijamwambia Mama mpaka leo.

Kesho yake tukaingia majini. Sitakudanganya kwamba siku ya kwanza ilikuwa tamu. Mtumbwi una tabia zake. Ukiwa mgeni unapiga kafi upande mmoja nao unageuka kama mbuzi anayekataa kamba. Mbu wa huko hawana malaria, lakini wana njaa. Na kufikia saa nane mchana tukafika mwisho wa ziwa la pili, mahali pa kubeba.

Njia hizi za kubebea wanazipima kwa kipimo cha zamani kiitwacho rod, ambacho ni kama mita tano, karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Yetu ilikuwa rod 180. Piga hesabu: karibu kilomita moja, juu ya mawe na mizizi, tope likifika kwenye vifundo vya miguu. Mtumbwi unageuzwa juu chini, unauingiza kichwa ndani, kipande cha mbao kinakaa mabegani, unatembea ukiona miguu yako tu. Mwenyeji wetu alitaka kuubeba yeye. Nikamuuliza una uzito gani. Akasema huu wa kisasa ni kama kilo 20.

Kilo 20! Huo ni mtungi wa lita 20 wa maji. Huo mzigo nimeubeba kichwani kutoka ziwani tangu darasa la nne, asubuhi na jioni, tena kwa kupanda mlima. Nikauinua mtumbwi, nikaenda nao bila kusimama, na rafiki yangu wa Nyamira akanifuata na begi la chakula kichwani, mikono huru, akipiga stori. Wale Wamarekani wawili walibaki wakitutazama. Nakuambia hivi kwa sababu tunaamini mambo ya porini ni ya wazungu, kwamba wao wana mwili na akili ya kuyaweza. Wewe uliyekulia kijijini, uliyewasha moto wa kuni zenye unyevu, uliyelala bila stima na kuoga kwa beseni, una nusu ya ujuzi tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kukuambia kwamba shida zile zile zinaweza kuwa likizo ukizichagua mwenyewe.

(Najua. Ukizichagua mwenyewe. Mama bado anabeba mtungi wake, na hakuna anayempiga picha.)

Samaki wangu wa kwanza alikuja jioni ya pili. Upepo ulikuwa umelala. Kuna ndege huko anaitwa loon, ambaye sauti yake ni kama mtu anayecheka huku akilia, na alikuwa akiitana na mwenzake ng'ambo ya ziwa. Boya langu dogo lilikuwa limekaa juu ya maji, limetulia. Kisha halikuwepo. Nilivuta mapema mno, nikamkosa. Wa pili nilimngoja hadi mshipi ukakaza, nikavuta, na alipofika juu nikaona jicho lake likiwaka kama la paka aliyemulikwa kwa tochi. Wanamwita walleye. Nyama yake ni nyeupe, haina mafuta mengi, na ukiikaanga kwenye sufuria nyeusi juu ya kuni utasahau mambo mengi. Rafiki yangu, yule asiyegusa samaki, alikula vipande vitano.

Sikulia kwa sababu ya samaki. Nililia kwa sababu niligundua nimekaa kama masaa mawili ndani ya mashua, mimi mtoto wa kike wa Mbita, na samaki hawakukimbia.

Kuna jambo lingine lililonifanya nifikirie sana. Jimbo lina kikomo cha samaki unaoweza kuchukua, na kati ya hao walleye, anayezidi inchi 20 ni mmoja tu. Siku ya tatu tayari tulikuwa na samaki wetu, mwenyeji wetu akiwa na mkubwa wake mmoja, kisha akanasa mwingine mkubwa zaidi. Akampima kwenye alama alizochora kwenye kafi, akamrudisha majini. Nikamuuliza, nani angejua? Hatukuwa tumeona mtu tangu jana yake. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini haibi vijiko nyumbani kwao.

Kwetu sheria pia zipo. Mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85, na omena hufungwa Aprili mpaka Julai. Zipo. Mimi mwenyewe nimekula mbuta wa urefu wa kiganja na nikalamba vidole. Ni rahisi kurudi kutoka Marekani na kuwahubiria wavuvi wetu kwamba hawana nidhamu, na nimewasikia wenzangu wakifanya hivyo kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini tusiwe wanafiki. Yule samaki aliyerudishwa majini hakuwa na ada ya shule tumboni mwake. Mwenyeji wetu ana mshahara, ana sandwichi, samaki kwake ni starehe. Mvuvi wa Mbita ana mkopo wa nyavu na watoto wanne. Ukitaka amrudishe mbuta mdogo majini, anza kwa kuuliza atakula nini hadi Agosti, kisha ndiyo uje na rula.

Jambo moja la huko ningependa tuige hata kesho. Lile eneo halikubaki pori kwa bahati. Sheria ya mwaka 1964 ililitangaza kuwa pori la kuhifadhiwa, na ya mwaka 1978 ikaondoa injini sehemu kubwa na kuzuia uchimbaji wa madini ndani yake. Wenyeji wengi wa Ely walikasirika. Wapo ambao hadi leo hawajasamehe. Na bado mvutano upo: nje kidogo ya eneo hilo kuna shaba na nikeli, na mwaka 2023 serikali ilifunga takriban ekari 225,000 za msitu huo zisichimbwe kwa miaka 20, amri ambayo wanasiasa wameendelea kuigombania. Lakini angalia nani anaingia. Kuanzia Mei hadi Septemba vibali ni vya idadi maalum kwa kila mlango, kundi haliruhusiwi kuzidi watu tisa na mitumbwi minne, mikebe na chupa unaacha nyumbani, na bilionea analala kwenye hema na kutumia choo cha shimo kisicho na ukuta kama mimi. Kwetu tukisema tumehifadhi mahali, mara nyingi tunamaanisha pana hoteli ambayo kijana wa jirani ataingia akiwa amebeba trei.

Wala usidhani ardhi ile ilikuwa tupu. Ni ya Waojibwe. Mtumbwi wenyewe, umbo lile unaloliona kwenye matangazo, ni wao waliouunda kwa magome ya mti. Mwaka 1854 walitia saini mkataba wa kuitoa ardhi hiyo huku wakibaki na haki ya kuwinda na kuvua humo, na bado wanavuna mpunga wa porini kwenye maziwa ya sehemu hizo. Sisi watu wa Kenya tunaijua hadithi hiyo bila kuhadithiwa.

Nirudi kwako. Najua unasema huna muda. Kuna mwanamke aliitwa Dorothy Molter. Alikuwa muuguzi, kama wengi wetu. Mwaka 1930 alikuja kutoka Chicago na baba yake kuvua samaki kwenye maziwa hayo, akapapenda, akarudi, na mwishowe akahamia kwenye kisiwa cha ziwa liitwalo Knife. Aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 1986, akiwatibu waliojikata kwa ndoana na kuwauzia wapiga kafi soda aliyoitengeneza mwenyewe. Serikali ilipotaka kila mtu atoke, watu walimpigania, akaachwa amalizie maisha yake. Sisemi uache kazi uhamie kisiwani. Nani atatuma pesa? Nasema alianza na safari moja ya kuvua, tena muuguzi.

Pesa. Mimi nilitumia kama dola 260: sehemu yangu ya mafuta na ya kukodi mtumbwi mmoja (wa pili ni wa mwenyeji), chakula, kibali, leseni ya kuvua, na ruba. Hiyo ni kama dabo moja baada ya kodi. Hema na mablanketi tuliazima. Gharama kubwa ni zamu unazokosa, na hapo sikufichi: mwezi huo nilituma nyumbani dola 200 pungufu. Niliwaambia mwezi mmoja kabla. Ndugu yangu mdogo alinuna, kisha akanunuka. Hakuna aliyefukuzwa shule. Kama kwenu dola 200 zikikosekana mtu atakosa dawa, basi usiende mwaka huu, na usimruhusu mtu yeyote akuone mjinga kwa hilo. Lakini wengi wetu tunajua pesa tunazozitoa kwa kiwanja cha kuonyesha watu, na kwa gari la mkopo la kupiga nalo picha.

Kuna swali jingine ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: je, mtu mweusi, porini, vijijini Marekani? Ni swali la haki. Siku nne ndani hatukuona mweusi mwingine. Kwenye kituo kimoja cha mafuta tulitazamwa zaidi ya nilivyopenda. Muuza chambo aliuliza tumetoka wapi, nikakaza uso, kumbe alitaka tu kunifundisha namna ya kumtunga ruba ili asife haraka, na alinifundisha kwa dakika kumi na tano. Siwezi kukuhakikishia utakutana na nani. Ninachokuambia ni uende na watu wanaoyajua maji yale, mwache mtu nyumbani anayejua mlango mlioingilia na siku mtakayotoka, na chakula mkihifadhi mbali na dubu kama sheria inavyotaka. Dubu weusi wapo. Sisi tulimwona mmoja, kwa mbali, akiogelea. Anajua kuliko mimi.

Nilirudi kazini Jumatatu. Wazee walikuwa pale pale, na mgongo wangu ulikuwa unauma kwa namna nyingine. Nimepunguza dabo kutoka tatu hadi moja kwa wiki. Hesabu inabana, na naimudu.

Mama nilimtumia picha ya samaki. Alimpanua kwa vidole, akamkagua kama anavyokagua vya ufuoni, akasema huyo ni mtoto wa mbuta, kwani nilimuuza pesa ngapi? Nikamwambia tulimla. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na ulikuwa ndani ya mashua wewe mwenyewe, nyathina? Hukuogopa?"

Akaniambia katika maisha yake yote hajawahi kuliona soko la Mbita kutoka majini.

Vibali vya msimu ujao hufunguliwa mwishoni mwa Januari, na vya Julai huisha haraka. Sisi tumeshapanga wiki yetu. Mtumbwi wa pili una nafasi moja. Ukija, uje unajua kuogelea, na mtungi wa kubebea maji tutakupa.